Madirisha ya Shangazi Veturia

Shangazi yangu Veturia ndiye msimamizi wa jengo la zamani la serikali mjini kwetu, lile lenye madirisha marefu ya mbao za mwaloni. Baridi ilipoingia, makarani walifanya kazi na makoti mwilini. Wakatishia kugoma wasipowekewa madirisha ya plastiki, ambayo sheria ya majengo ya kale haiyaruhusu.

"Wewe Veturia unapenda mbao kuliko watu!" karani Domnica alimwambia mbele yangu, glavu mikononi.

"Basi tubadilishane vyumba, dada. Kwangu kuna jiko la kuotea moto."

Nilidhani ni utani. Kesho yake nilimkuta shangazi chumbani kwa Domnica, pua nyekundu kama pilipili. Bosi gani huihamia baridi ya wafanyakazi wake? Alikaa pale wiki nzima akilitazama lile dirisha, mpaka akaona bawaba tupu upande wa ndani. Kumbe kila dirisha lilikuwa na mwenzake wa ndani, wa kutolewa baridi ikiisha na kurudishwa majani yakipukutika. Wafanyakazi wazee waliojua hayo walistaafu, na vijana hawakujua kuna cha kurudisha.

Madirisha hayo ya ndani tuliyakuta darini, yamefunikwa magunia. Fundi aliyarudisha, na shangazi akapachika sufu ya kondoo kati ya dirisha la nje na la ndani, kama bibi afanyavyo nyumbani.

Domnica alirudi chumbani kwake, akavua glavu, halafu koti.

"Ila jiko lako nitalikumbuka," alisema.

"Njoo unywe chai, lakini kiti changu usikiguse!"