Uzi Mwekundu kwa Ua la Manjano

Maua ya bustani yakikauka, shangazi yangu, fundi cherehani, huyapukuchua juu ya gazeti na kupuliza makapi. Mumewe hutia mbegu vifukoni, kila kifuko akakifunga kwa uzi wa rangi ya ua lake.

Juzi, mzee alipotoka kunawa mikono, niliona mbegu za ua la manjano zimefungwa uzi mwekundu. Mimi na kiherehere changu nikaanza kuufungua. Shangazi akanishika mkono.

“Acha hivyo hivyo. Macho yake hayatofautishi rangi tena, na hajui kama najua.”

“Sasa utapandaje?”

“Mwanangu, mbegu nazijua kwa kuzigusa tangu sijaolewa. Hizo nyuzi nilimpa ili tukae meza moja.”