Gari la Bibi Harusi Halisukumwi

Ukitaka kumkasirisha Mwanakombo Mwishehe, mshonaji wa Mbagala, usimtukane. Matusi kayazoea. Mwambie tu, kwa ile sauti laini ya mtu aliyekuja kutoa pole, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Atasimamisha cherehani, atakugeuzia uso mzima, jicho lililo zima na lile lililotanda weupe, na atakwambia kwamba aliyesema hivyo alikuwa na macho yake yote mawili na hakuwahi kushona hata kifungo. Kisha atakuomba uondoke barazani kwake. Na haki anayo.

Mtaa mzima ulikuwa ukimjua kwa nguo za maharusi. Awe binti wa Kiislamu anayefungishwa ndoa nyumbani au wa Kikristo anayekwenda kanisani, gauni lilitoka kwa Mwanakombo. Yeye mwenyewe aliolewa mara mbili na kuachika mara mbili, na hakujaliwa mtoto. Kilichomweka mjini ni cherehani. Kwa cherehani hiyohiyo alimlea mdogo wake, Badru, tangu mama yao alipofariki. Alimlisha, akamsomesha, akamlipia mpaka mafunzo ya udereva. Leo Badru ni dereva wa magari ya watu, kijana mtanashati, miwani ya jua haimtoki usoni, na hakuna shughuli mtaani isiyomwita. Angekuwa na adabu kiasi cha nusu ya utanashati wake, hadithi hii nisingekuwa nayo.

Mwaka jana, Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha tu, shangazi yao Bi Nusaiba alimwoza binti yake Rukaiya. Gauni lilishonwa na Mwanakombo. Gari alilileta Badru, gari dogo kuukuu la tajiri wake, na Mwanakombo akalipamba mwenyewe kwa riboni alizozikunja usiku kucha. Tangu adhuhuri gari lile lilisimama nje ya nyumba, injini imezimwa, milango wazi, singeli inapigwa kwa redio yake mpaka mabati yanatetemeka. Badru akicheza, vijana wakimtunza. Hakuna aliyefikiri muziki ule unakula wapi.

Basi mwali akatolewa, kafunikwa, vigelegele juu, akaingizwa ndani ya gari. Badru akazungusha ufunguo. Gari likakohoa kidogo, kisha kimya. Betri ilikuwa imekufa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Gari lilikuwa la gia za mkono. Barabara ilikuwa na mteremko, na vijana wenye shibe ya pilau walikuwa wamejaa uwanja mzima. Kulisukuma mpaka likawaka ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Wakashika buti, wakainamisha migongo. Bi Nusaiba akatoka mbio, khanga inamdondoka.

"Acheni! Gari la bibi harusi halisukumwi! Mnataka mwanangu awe wa kusukumwa huko aendako?"

Wanawake wakaitikia kuwa ni kweli, ni nuksi. Vijana wakaachia. Badru hakujali. Kwake ilikuwa nafasi nyingine ya kuonekana.

"Msijali, shangazi," alisema. "Mie nabusti fasta tu."

Gari jingine likasogezwa pua kwa pua, na waya za kubusti, za kuazima moto wa betri nzima, zikatoka. Lakini boneti lilikuwa limefungwa kwa riboni, na Badru alitaka kuzikata kwa kisu. Mwanakombo akamzuia. Alizifungua taratibu fundo moja baada ya jingine, boneti likainuliwa, naye akabaki ameinama pale, uso karibu na betri, akikusanya ncha za riboni zisije zikachafuka kwa oili. Mtu mwenye kazi yake huiokoa kazi yake. Hilo ndilo kosa lake lote.

Kubusti gari kuna utaratibu, na si siri ya mafundi. Betri inapochoka hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo ikikutana na cheche inalipuka. Ndiyo maana waya wa mwisho haufungwi kwenye betri iliyokufa. Unafungwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri, ili cheche ikiruka irukie huko, na kabla ya hapo watu wanasogezwa na hakuna anayeinamisha uso. Badru aliyafundishwa hayo kwa ada iliyotoka kwenye cherehani ya dada yake. Lakini kufunga waya kimyakimya hakuna sifa. Madereva wa mtaani wana mtindo wao: huzifunga waya kwenye betri nzima kwanza, kisha huzikutanisha ncha nyingine juu ya betri iliyokufa zitoe cheche, eti wanapima kama moto upo.

Akazigusisha. Tas! Cheche zikaruka na wanawake wakapiga vigelegele. Naam, walipiga vigelegele. Basi akaona raha, akagusisha tena.

Betri ilipasuka kwa kishindo kilichowaangusha watu waliokuwa wamesimama wima. Vipande vya plastiki viliruka mpaka kwenye masufuria. Badru alikuwa kasimama pembeni, miwani usoni, akapata matobo ya shati. Maji ya betri, ile tindikali, yalimwagika usoni kwa Mwanakombo.

Alipiga kelele za kuomba maji. Maji yalikuwepo, mapipa yamejaa, ya kuoshea vyombo vya shughuli. Lakini mtu akapaza sauti, "Msimtie maji! Atababuka! Leteni maziwa!" Na kwa kuwa mwenye sauti kubwa ndiye anayesikilizwa, watu wakakimbilia dukani kutafuta maziwa. Duka la kwanza hayapo, la pili mwenyewe kaenda kuswali. Wengine wakamshika mikono asijipanguse. Hatimaye alijinasua, akatambaa kwa kupapasa mpaka akaligonga pipa kwa kichwa, akatumbukiza uso wake mwenyewe.

Hospitalini muuguzi aliuliza alimwagiwa maji saa ngapi. Wakamweleza habari za maziwa. "Maji," alisema. "Maji safi, mengi, palepale, na hamwachi mpaka mnafika hapa. Hilo jicho la kushoto lingekuwa na nafuu." Jicho la kulia lilipona, la kushoto likawa limekwenda.

Mtu unaweza kudhani mkosi wa Mwanakombo uliishia hapo. Thubutu! Kabla ya mfungo mwingine ndoa ya Rukaiya ilivunjika. Mume alikuwa na mke mwingine huko Keko, jambo ambalo hata jiwe lingeelewa. Lakini Bi Nusaiba alihitaji sababu isiyomgusa yeye aliyemchagua mkwe, akaipata. Nani aliyelipamba gari? Nani aliyelishika mpaka dakika ya mwisho? Mwanamke aliyeachika mara mbili. Akasema kwa jirani, jirani akasema sokoni, na mtaa ukakumbuka ghafla kuwa hata betri ilimlipukia yeye na si mwingine. Ana nuksi. Mikono yake haifai nguo za maharusi.

Magauni yakakoma. Zikabaki zipu za suruali na viraka vya sare za shule. Kwa jicho moja alijifunza upya kuipata tundu ya sindano. Mwanzoni mkono ulikwenda mbele ya sindano au nyuma yake, naye akilia kwa hasira, akirudia. Hilo aliliweza. Asiloliweza ni kuona Auleria, Mhaya jirani yake wa mlango kwa mlango, rafiki wa kukopeshana chumvi, akimwoza binti yake Hope na kwenda kumkodia shela Kariakoo. "Unajua maneno ya watu, dada Mwana," Auleria alisema, macho chini. Mwanakombo alijua, na ndiyo maana alikuwa anaungua.

Cheche watu wote waliziona, lakini aliyeweza kusema kuwa ndizo zilizoilipua betri, si nuksi, na akaaminiwa, ni mtu mmoja tu. Wazee wa ukoo walipokutana ili yaishe, Badru alikuja na doti ya khanga na sukari, kainamisha kichwa.

"Mie sitaki khanga," Mwanakombo alimwambia. "Simama mbele ya wanawake wa mtaa huu useme nani aligusisha zile waya. Basi. Nikishasikia hivyo tu, mie na wewe tutazungumza."

"Dada, yameshapita. Betri yenyewe ilikuwa feki. Kazi ya Mungu hiyo."

"Mungu hakushika waya."

Bi Nusaiba akasema astaghfirullah, wazee wakasema mwanamke ana moyo mgumu, na kikao kikaisha kwa Mwanakombo kuonekana ndiye mkosaji. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini mtaani kwetu mwenye kovu anatakiwa apoe haraka ili wengine wale kwa raha.

Jumamosi ya harusi ya Hope, Mwanakombo hakwenda. Alikaa barazani kwake na zipu zake, matarumbeta yanalia nyumba ya pili. Akasikia muziki wa gari umekatika, injini ikakohoa ikazima. Akasikia mlango wa gari, minong'ono, kisha sauti ya mdogo wake, ileile ya raha: "Msijali, mama. Nabusti fasta tu."

Halafu akasikia tas.

Alivuka uwanja peku, tepu ya kupimia shingoni. Boneti limeinuliwa, magari mawili pua kwa pua, wanawake wamezunguka midomo tayari kwa vigelegele. Hope mwenyewe, na shela lake la kukodi, alikuwa ameteremka na kuchungulia injini kama watu wanavyochungulia sufuria. Mwanakombo alimshika mkono akamvuta nyuma kwa nguvu, mpaka kiatu kikamtoka.

"Rudini nyuma! Wote! Hamkusikia?"

Matarumbeta yakashushwa. Auleria akashika mdomo. Bi Nusaiba, aliyekuwepo kama alivyokuwepo kila shughuli, akaanza kusema kuhusu watu wasioalikwa. Mwanakombo hakumtazama. Alikuwa anamtazama Badru, aliyeshika ncha mbili za waya, kila mkono na yake.

"Dada, unaniaibisha mbele za watu."

"Nakuaibisha? Haya, gusisha. Ila kwanza vua hiyo miwani, njoo uiname hapa nilipoinama mie. Weka uso wako juu ya betri, halafu gusisha. Watu wanangoja vigelegele."

Badru hakusogea.

"Inama! Si kazi ya Mungu? Si mie ndiye mwenye nuksi? Wewe huna. Inama basi, mwanangu, nimekulea mwenyewe nikuone ukiinama."

"Dada, tafadhali."

"Mbona huinami, Badru?"

Watu wote walimtazama yule kijana mtanashati akiitazama betri, na kila mwenye akili aliona kuwa mguu wake mmoja ulikuwa unarudi nyuma wenyewe. Kwa hiyo alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua betri inaweza kufanya nini na kwa sababu gani.

Akazitenganisha waya, akazichomoa kwenye lile gari jingine, akaziweka chini mbali na betri. Akavua miwani.

"Ni mie," alisema.

"Hawakukusikia."

"Ni mie niliyegusisha waya harusi ya Rukaiya!" Sauti ilimpanda. "Dada hana nuksi yoyote. Mie ndiye niliyegusisha. Wanawake walipiga vigelegele, nikagusisha tena. Na nilikuwa namwona. Nilimwona kainama, uso uko palepale. Nikasema sasa nikimwambia atoke, watu watachoka kungoja."

Bi Nusaiba alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Auleria alianza kulia, akamshika Mwanakombo bega, akasema nisamehe, dada Mwana, nisamehe, gauni hili ni la kukodi tu, mdogo wake Hope anaolewa mwakani, utamshonea wewe, hakuna mwingine. Wanawake wengine wakadakia, huyu ana mpwa, yule ana mjukuu, kila mmoja akitaka asikike akiahidi. Bajaji ikaletwa, ikafungwa maua harakaharaka, Hope akapanda, na harusi ikaondoka.

Badru alibaki kasimama kando ya gari. "Dada, nimesema," aliita. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Ndivyo alivyotaka. Aliyataka maneno yale kwa ajili ya mtaa, na mtaa umeyapata. Kuanzia Jumatatu vitambaa vyeupe vitaanza kuingia barazani kwake. Lakini yeye muda wote huu alikuwa akimkasirikia mdogo wake kwa ujinga wake tu. Usiku, jicho lilipomuuma, alikuwa akijiambia kwamba Badru hakumwona, kwamba boneti lilimziba, kwamba angemwona asingegusisha. Hilo hakuwahi kulitia shaka hata siku moja.

Alirudi barazani, akakaa kwenye cherehani, akaanza kuutafuta uzi kwa vidole.