Mbolea ya Kufagia

Kwa miaka kumi na tisa Ngowa wa Chaani alibeba magunia ya mbolea bandarini Kipevu bila kujiuliza kilichomo. Vibarua waliruhusiwa kufagia chembe zilizomwagika, naye zake alimpelekea mama yake Kaloleni kila mvua za mwaka zilipokaribia.

Mwaka huu afisa wa usalama aliwaeleza kwamba mbolea hiyo hiyo, ikichanganywa na vitu vingine, huwa bomu. Wataalamu waliofundisha dunia kushiba ndio waliofundisha vita kuua wengi kwa mkupuo. Tangu hapo Ngowa hakutulia. Kila zamu alinawa mikono mara tatu, na bado akaiona michafu. Mdogo wake, Morgan, alikuwa amerudi kutoka jeshini na mguu mmoja; wa pili ulichukuliwa na bomu lililozikwa barabarani.

Mvua ikaja, akaenda Kaloleni mikono mitupu. Mama akauliza mbolea iko wapi. Ngowa akatafuta uongo, akaukosa, akasema kweli huku akikwepa kutazama mkongojo wa nduguye.

Morgan alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kaka, we lete tu,” akasema. “Usipoizika hapa na mahindi, kuna mwingine ataizika barabarani.”