Rangi za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ofisini tunamwita Kijani. Jina nimempa mimi na sijuti. Kwa miaka sita kazi yake ni moja: kuchukua vipimo ninavyomletea kutoka mlimani na kuvigeuza kuwa chati ya rangi, kijani mahali ardhi imetulia, nyekundu mahali inaposogea. Mimi napanda na kamba na daftari, kigingi hadi kigingi, vigingi arobaini, kila wiki. Yeye amekalia kiti chenye mto, na mto wenyewe kauleta kutoka nyumbani.

Mvua zilipoanza, lori liligonga kigingi cha kumi na saba kule kando ya barabara ya mlimani, kikasukumwa karibu mita nzima. Niliandika: milimita mia tisa, kimegongwa na lori, usikihesabu. Kijani hakusoma. Kompyuta ikatandaza rangi zake kuanzia sifuri hadi mia tisa, nyekundu yote ikaishia kwenye kigingi kimoja cha lori. Vile vya mteremko wa chini, ambavyo kweli vilikuwa vimesogea milimita sitini, ikavipaka kijani kibichi. Na kwenye mteremko huo kuna nyumba kumi na moja, ya kwanza ni ya Kijani mwenyewe.

"Shemeji, kitoe hicho cha kumi na saba," nilimwambia. "Halafu kikomo cha rangi weka themanini."

"Kompyuta imejipangia yenyewe. Wewe unajua kuliko kompyuta?"

Mkubwa wetu akaisifu chati, eti inapendeza kuitazama. Kijani akavikwa kilemba cha ukoka na akatembea nacho ofisi nzima. Huko kwake, mlango wa chumba cha watoto ulikuwa umegoma kufungika. Akamwita seremala aupige randa. Wiki ya pili akamwita tena, na ya tatu tena. Mtu anachonga mlango kila wiki na haulizi kuta zinaelekea wapi! Wajinga nimewaona wengi, ila huyu ana cheti.

Jumatatu nilichoka. Nilimsukuma pembeni, yeye na mto wake, nikakifuta kigingi cha lori, nikaandika themanini. Nyekundu ikashuka mteremko mzima, ikafunika nyumba zote kumi na moja. Aliitafuta ya kwake kwa kidole. Alipoipata, jasho lilimtoka.

Nikadhani sasa amekuwa mtu. Akarudisha mia tisa.

"Mkubwa akiiona hii, tutaulizwa tulikuwa wapi tangu mvua zianze," alisema, akachapisha ile ya kijani ya kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kisha akatoka nje, nikamsikia akimpigia dada simu: "Mama watoto, chukua watoto uende kwa mama sasa hivi. Na usimwambie mtu."

Nilikuwa nikimdharau tangu siku ya harusi yake. Kumbe heshima kidogo ilikuwa imebaki, maana niliisikia ikitoka.

Nikachapisha yangu, nikakimbilia mlimani. Nilimkuta dada ameshafika nyumba ya tano, mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, akigonga mlango kwa kiatu.

"Kaniambia nisimwambie mtu," alisema bila kugeuka. "Ndipo nikajua ni kweli."

Tukagonga sita zilizobaki. Mlango wa kwake aliuacha wazi, maana haukuwa unafungika tena.