Herufi Ndogo kwa Mwami

Mimi ni sekretere wa wafugaji wa Karuba, muntu wa majivuno mengi na akili ya kuazima. Mama Espérance, mwenzangu wa ofisi, alikuwa ameandika kwenye kompyuta barua ya kumuomba Mwami, chifu wetu wa kimila, kiwanja cha soko la maziwa. Barua yote ilikuwa ya herufi kubwa.

“Mama, unamupigia Mwami kelele!” nilimucheka. “Sasa utarudilia yote na kidole kimoja? Angalia fundi.”

Nikabonyeza Ctrl na A, barua yote ikachaguliwa. Kisha Shift na F3, herufi zote zikawa ndogo. Nikaongeza jina langu chini kwa herufi kubwa, nikaichapisha bila kuisoma, huku nikijisifu.

Kesho yake, mbele ya wafugaji wote, Mwami aliishika karatasi, akaisoma mpaka chini.

“Sekretere,” akasema, “jina yangu iko ndogo. Ya Mungu iko ndogo. Ata inchi yetu ya Masisi iko ndogo. Mu hii barua muntu mukubwa iko mumoja tu. Tusomee jina yake, kwa sauti.”

Nikasimama, nikasoma jina langu.