Ubishi wa Giaboksi ya Lavonne

Orval Stitz hakujua kusoma. Barua alimwachia mkewe, Lavonne. Vyuma alivisoma mwenyewe, kwa ukucha.

Giaboksi zilizotengenezwa hapa mjini Muncie tunazitambua hivi: unaishusha, unapapasa ncha ya shafti inayoingia kwenye klachi. Mifuo miwili, gia za kawaida. Mmoja, za mbio. Usipokuta hata mmoja, umeshika Mponda Mawe, ile inayonguruma barabarani kama kinu.

Gari lile jekundu Orval alilinunua likiwa tayari kuukuu, miaka ishirini na mitatu iliyopita. Muuzaji alimwapia kwamba ndani mna Mponda Mawe. Lavonne alikuwa amechonga meno ya gia kiwandani miaka kumi na mmoja. Siku ya kwanza kulipanda, akacheka.

"Baba we, umepigwa! Hiyo difu inalia, kule nyuma kwenye ekseli."

"Giaboksi hiyo. Sikiliza."

"Nizichonge mimi, halafu wewe ndiye unifundishe?"

Wakawekeana dau: atakayeshindwa atapaka jikoni rangi aitakayo mwenzake. Lavonne alitaka njano. Orval aliichukia njano. Basi giaboksi haikushushwa, na kila Jumapili, wakienda kula pai, walibishana njia nzima.

Lavonne alifariki Februari. Mwezi wa Mei klachi ikaisha. Gari likakaa bandani wiki tatu, Orval hakuligusa. Siku ya kupeleka maua makaburini ilipokaribia, jirani yake Duane akaja na jeki.

"Mzee, maua yake yamechanua pale uani. Utampelekea kwa miguu?"

"Yatasubiri."

"Hayasubiri hayo, yanapukutika. Na klachi haibadilishwi bila kushusha giaboksi. Au unaogopa kushindwa na marehemu?"

Kushindwa hakukumsumbua Orval. Nyumba ilikuwa kimya, na sauti ya Lavonne ilikuwa imebaki katika ubishi ule tu. Giaboksi ikishuka, nao umekwisha. Lakini kwenda kwake bila maua hakuweza. Akafungua mlango wa banda.

Giaboksi ilipotua chini, Duane aliinama na tochi.

"Usiseme!" Orval alimkatiza. Akapiga goti, akafumba macho, akapitisha ukucha kwenye ncha ya shafti. Ukakwama. Akausogeza kidogo. Ukakwama tena. Akapapasa mara ya tatu, polepole, ingawa hakuhitaji.

"Vipi, mzee?"

"Difu," Orval alisema. "Difu ndiyo inayolia."

Duane alitaka kucheka, akamwona uso, akaenda kutafuta spana.

Siku ya maua Orval aliendesha mwenyewe, difu ikilia njia nzima. Alipoyaweka maua kaburini, kucha zake zilikuwa na rangi ya njano ambayo sabuni ilishindwa kuitoa. Akavua kofia.

"Nimepaka," akamwambia. "Lakini Lavonne, mbaya hiyo rangi. Mbaya kweli."

Akangoja kidogo, kama mtu anayetarajia kujibiwa.