Yadi Tano za Kitambaa Cheupe

Baba yangu alikufa jioni moja ya kiangazi, ng'ombe wakiingia zizini, na kesho yake alfajiri nilitumwa mjini Bariadi kutafuta kitambaa cha kumzikia. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na duka la kijiji chetu lilikuwa na rafu tupu na mizani. Sabuni ilikuja mara moja moja, chumvi hivyo hivyo, na kitambaa hakikuja kabisa. Wanawake walikuwa wakipokezana khanga moja kwenda kanisani. Mtu akifa, balozi wa nyumba kumi aliandika barua, mwenyekiti akagonga muhuri, na barua ikapelekwa wilayani. Huko ndiko sanda ilikotolewa kwa kibali.

Nilitumwa mimi kwa sababu kaka yangu alibaki kuchimba kaburi, na kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba, hivyo nilijua kusoma. Baiskeli ya nyumbani ilikuwa imesimama mwaka mzima kwa kukosa tairi. Balozi alinikabidhi barua mlangoni na kuniambia, "Ukifika, mpe karani hii barua. Usilumbane na watu wa ofisi. Kaa, subiri uitwe."

"Sawa, baba," nilimjibu.

Mama yangu, ambaye kwetu tulimwita mayu, alinifuata hadi njiani. Baba alikuwa amebatizwa uzeeni, miaka miwili tu kabla, na mayu alitaka azikwe ndani ya kitambaa cheupe kama alichobatizwa nacho, ambacho tulikuwa tumekiazima. "Usichelewe," aliniambia.

Kusubiri mimi nilikuwa nakujua. Baba ndiye aliyenifundisha. Tulipohamishwa kutoka kwenye nyumba zetu za zamani na kupangwa kwa mistari upande wa Mwamapalala, maji yalibaki mbali, na kiangazi tulikwenda yeye na mimi kuchimba mchangani kwenye mto uliokauka. Unachimba hadi kiunoni, halafu unakaa. Maji huja taratibu kutoka pembeni, kidogo kuliko jasho. Mtoto akikosa subira huingiza kata ya kibuyu mapema, akakwangua chini, akapata tope. Baba alinishika mkono mara nyingi. "Yaache yaje," alisema. Alinifundisha nitazame mchanga wa upande wa pili, nivute pumzi polepole, nisihesabu chochote. Nikawa hodari. Wasichana wengine walirudi na maji ya matope, mimi yangu yalikuwa safi. Baba aliwasimulia wageni habari hiyo, nami nilijisikia mtu.

Asubuhi ile nilitembea hadi jua lilipotoka, kisha lori la pamba likanichukua juu ya marobota. Nilifika Bariadi kama saa tatu. Ofisi ilikuwa na kibaraza chenye benchi refu, na watu walikuwa wamekwisha kaa: mzee aliyetaka kibali cha bati, wanawake wawili wa mafuta ya taa, na mama mmoja aliyevaa buibui, mke wa mwenye duka pale mjini, aliyekuja kwa ajili ya sukari. Niliwaamkia, "Mwangaluka," wakaitikia.

Karani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilimpa barua kwa mikono miwili huku nimepiga goti kidogo. Hakuifungua. Aliiweka chini ya nyingine, juu yake akaweka jiwe ili upepo usizipeperushe.

"Kaa pale, utaitwa."

Nikakaa.

Nilikaa kama nilivyofundishwa. Nilitazama ukuta wa upande wa pili, rangi ya chokaa ilivyokuwa imebanduka. Nilivuta pumzi polepole. Mtu mnene mwenye shada la funguo kiunoni alipita mbele yangu akienda stoo, akarudi, akasimama mlangoni akinywa chai kwenye kikombe cha bati. Mama wa buibui aliniambia ndiye bwana stoo. Alikuwa karibu sana nami. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Niliinamisha macho kwa heshima. Alipita tena akiimba kwa sauti ya chini. Mzee wa bati aliinuka mara tatu kwenda kumsumbua karani, na moyoni mwangu nilimdharau. Nilimwona kama wale watoto wa kukwangua tope.

Saa saba likaja gari, bwana stoo akapanda mbele, wakaondoka.

Watu walianza kutawanyika kwenda kutafuta chakula. Mimi sikuondoka, nikihofia kuitwa nikiwa sipo. Mama wa buibui alirudi na vitumbua viwili kwenye karatasi, akanipa kimoja, nikamwambia asante, nikakishika tu mkononi.

"Binti, wewe unasubiri nini tangu asubuhi?" aliniuliza.

"Kitambaa, mama."

"Cha harusi?"

"Cha baba. Amefariki jana jioni."

Aliweka kitumbua chake chini. Kisha akasimama, akanishika mkono kwa nguvu, akaniingiza ofisini bila hodi. "Wewe kijana," alimwambia karani, "huyu mtoto ana maiti nyumbani! Ana maiti, na amekaa hapo mlangoni tangu saa tatu!"

Karani aliinua jiwe, akapekua, akafungua barua yetu. Nilimwona akisoma na uso wake ukibadilika. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ndogo, "Mbona hukusema?"

"Niliambiwa nisubiri niitwe."

"Barua za misiba hatuziweki kwenye foleni, dada. Ungesema tu neno moja. Bwana stoo alikuwa hapa asubuhi yote. Sasa amekwenda Maswa na funguo, harudi mpaka kesho."

Alitoka akakimbia kwenda kuuliza kama kuna ufunguo wa pili. Hakukuwa na ufunguo wa pili. Mimi nilisimama katikati ya ofisi, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni joto. Jua la kiangazi la kwetu linajulikana. Nilifikiri juu ya chumba alimolazwa baba, na dirisha lake dogo.

Ningeweza kurudi mikono mitupu. Mpaka leo sijui kama ingekuwa afadhali. Mama wa buibui alinichukua kwake, akanitandikia mkeka, na saa mbili asubuhi nilikuwa tena pale kibarazani. Safari hii nilisema kabla bwana stoo hajashuka garini. Alisikitika, akafungua haraka, akapima yadi tano na kuongeza kipande. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nilifika nyumbani alasiri. Kutoka mbali niliona watu wameketi chini, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na nyuma ya nyumba udongo mbichi umekwisha kufanywa tuta. Kaka yangu alinijia, mikono yake ina malengelenge.

"Tulikungoja, mdogo wangu," alisema. "Tulikungoja jana hadi jua linazama. Tukasema labda lori limeharibika. Leo asubuhi haikuwezekana tena."

"Mmemvika nini?"

"Ngozi yake."

Alikuwa na maana ya ngozi ya ng'ombe ambayo baba alilalia maisha yake yote. Walimviringisha ndani yake kama walivyozikwa wazee wa zamani, na katekista akasali juu yake hivyo hivyo.

Mayu alikuwa ndani. Nilimwekea kitambaa mapajani. Alikipapasa, akakinusa; kilikuwa na harufu ya stoo. "Kulikuwa na nini huko?" aliniuliza.

Nilikuwa na njia nzima ya kutayarisha jibu la kweli, na sikulitoa. Nikasema, "Bwana stoo hakuwepo, mayu. Alikuwa amesafiri na funguo. Amerudi leo."

"Tangu asubuhi hakuwepo?"

"Tangu asubuhi."

Akatikisa kichwa. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, na mimi nikalia pamoja naye, na wanawake walioingia kutushika walidhani tunalia kitu kimoja.

Kitambaa kilikaa kwenye sanduku la bati. Mvua za kwanza zilipokuja, mtoto mchanga wa jirani yetu alikufa kwa surua. Mayu hakungoja balozi aandike barua. Alitoa kitambaa, akaniambia nishike upande mmoja, akakata. "Hawa nisiwaache wangoje," alisema. Habari zikaenea kwamba nyumba yetu ina sanda, na watu wakaja, mmoja mmoja, kwa aibu. Kabla mwaka haujaisha, kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Kila tulipokata, mayu alimtaja bwana stoo. Hakujua jina lake wala sura yake. Alisema mtu huyo alisafiri na funguo za watu wenye maiti, na kwamba Mungu atamwuliza. Alisema hivyo mbele ya wageni, mbele ya katekista, na baadaye mbele ya wanangu, wakamchukia mtu wasiyemjua. Mimi nilikuwa nakaa pale, naosha vyombo au nachambua mchele. Alisema hivyo hadi uzeeni, hadi maneno mengine yalipomtoka kichwani na hilo likabaki. Nilimzika mayu ndani ya kitambaa kizuri, cheupe, kilichonunuliwa saa ile ile bila foleni, na sikuwa nimemwambia.